Kiyoyozi cha gari kisichopoza

Kiyoyozi cha gari, ambacho wengi hukiita AC, kikiacha kupoza, dawa inayokimbiliwa kwanza Mombasa ni kujaza gesi. Dawa hiyo hurudisha baridi kwa wiki kadhaa, kisha joto hurudi na gesi hujazwa tena. Hoja ya makala haya ni kwamba upungufu wa gesi ni dalili, na dalili haitibiki mpaka chanzo chake kijulikane. Gesi ya AC haiungui kama petroli wala haichakai kwa kutumika. Huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa, na ikipungua, kuna mahali ilipopitia. Tena, baadhi ya AC zisizopoza zina gesi ya kutosha: kilichoharibika ni feni, klachi ya kompresa, fyuzi au mtiririko wa hewa. Anayejaza gesi kabla ya kuchunguza huenda akaongeza kosa juu ya kosa.

Namna mfumo unavyofanya kazi

Magari mengi yaliyoko barabarani hutumia gesi ya R-134a, iliyochukua nafasi ya R-12 katika miaka ya 1990 baada ya Mkataba wa Montreal wa 1987 kuanza kuziondoa sokoni kemikali zinazoharibu tabaka la ozoni. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini au, katika magari mengi ya haibridi, na mota yake ya umeme, huibana gesi mpaka inakuwa moto na yenye presha kubwa. Gesi hiyo hupita kwenye kondensa iliyo mbele ya rejeta, ambako upepo huichukulia joto lake mpaka inageuka kimiminika. Kisha hupenyezwa kwenye vali nyembamba, presha hushuka ghafla, nayo huanza kuchemka ndani ya evaporeta iliyo nyuma ya dashibodi, ikinyonya joto na unyevu wa hewa inayowapulizia abiria. Mambo mawili yanafuata hapa. Kwanza, mfumo huu hauangamizi joto. Huliondoa ndani na kulitupa nje, na kondensa ikishindwa kulitupa, evaporeta nayo haitapoa hata gesi iwe kamili. Pili, mafuta yanayolainisha kompresa husafiri na gesi. Gesi ikivuja, mafuta huvuja nayo, na kompresa inayoendelea kuzunguka bila mafuta ya kutosha hujisaga yenyewe.

Hali ya kisiwa

Mombasa huyafanya mambo hayo yote mawili kuwa magumu zaidi. Kisiwani hakuna mtaa ulio zaidi ya kilomita tatu kutoka maji ya chumvi, na upepo wa bahari huacha chumvi kwenye mapezi membamba ya alumini ya kondensa. Chumvi pamoja na unyevu hula chuma hicho, na mashimo madogo huanza penye maungio na pembeni ambako uchafu hukwama. Mwendo wa magari ni taabu ya pili. Kwenye njia nyembamba za Mji wa Kale kama Ndia Kuu, au kwenye foleni ya feri ya Likoni, gari hujikokota au husimama kabisa, na kondensa haina upepo ila ule wa feni. Feni iliyochoka, ambayo kasoro yake isingeonekana kwenye barabara kuu ya Nairobi, hujulikana hapa siku hiyohiyo. Taabu ya tatu ni unyevu. Sehemu kubwa ya kazi ya AC ya pwani ni kugeuza mvuke kuwa maji, ndiyo maana gari lenye AC nzima hudondosha maji chini yake likiegeshwa. Msimu wa kaskazi, joto linapokuwa kali zaidi, kila udhaifu hujitokeza.

Utaratibu wa uchunguzi

Swali la kwanza halihitaji chombo: baridi hupotea lini? Ikiwa AC inapoza gari likienda kasi na kutoa joto likisimama, shaka iangukie kwenye feni au kwenye kondensa iliyozibwa na vumbi na takataka. Feni inapaswa kuzunguka AC inapowashwa. Isipozunguka, fyuzi, relei na mota yake ndivyo vya kukaguliwa. Ikiwa upepo wenyewe ni hafifu, chujio la hewa ya ndani huenda limejaa. Upepo ukianza vizuri, ukafifia baada ya safari ndefu, kisha ukarudi AC ikizimwa kwa muda, huenda evaporeta inaganda barafu. Swali la pili ni kama kompresa inafanya kazi. Kwenye magari mengi ya mkanda, boneti ikifunguliwa huku mtu akiwasha AC, mlio mdogo wa klachi inaponasa husikika na uso wa puli huanza kuzunguka. Klachi isiponasa, chanzo chaweza kuwa cha umeme, au swichi ya presha imeizuia kwa sababu gesi imekwisha. Klachi ikinasa na kuachia kila baada ya sekunde chache, mara nyingi gesi ni chache.

Hapo ndipo geji huingia, na hapo ndipo pana kosa linalowapoteza wengi. Injini ikiwa imezimwa na gari limepoa, presha ya R-134a kwenye nyuzi 30 za Selsiasi ni karibu psi 97, iwe mfumo umejaa au una nusu, mradi kimebaki kimiminika kidogo ndani. Kipimo hicho huthibitisha kwamba mfumo si mtupu, lakini hakisemi una gramu ngapi. Vipimo vyenye maana ni vya AC ikiwa inafanya kazi: presha ikiwa chini pande zote mbili za mfumo, ule wa presha kubwa na ule wa presha ndogo, gesi imepungua, upande wa presha kubwa ukipanda mno, kondensa haipati upepo au gesi imezidi, pande mbili zikikaribiana, kompresa haibani. Gesi ikithibitika kupungua, tundu litafutwe. Doa jeusi la mafuta yaliyoshika vumbi kwenye maungio au usoni mwa kondensa ni ushahidi wa macho. Povu la sabuni, au rangi inayong'aa chini ya taa maalumu, huonyesha palipo padogo zaidi.

Pingamizi na majibu

Husemwa kwamba gesi hupungua yenyewe, kwa hiyo kuijaza ni matengenezo ya kawaida. Ni kweli kwamba mipira ya mfumo na sili ya kompresa hupitisha gramu chache kwa mwaka, na gari la miaka mingi laweza kuhitaji nyongeza. Lakini upungufu huo huja polepole kwa miaka. AC iliyokuwa ikipoza mwezi jana na leo inatoa joto ina tundu au ina hitilafu nyingine. Wengine hulaumu hali ya hewa, wakidai magari yaliyotumika Japani hayakutengenezewa joto la pwani. Hoja hii haisimami: kiangazi cha Tokyo na Osaka huwa na unyevu mwingi, na siku zake kali huvuka nyuzi 35, kiwango ambacho Mombasa hukifikia kwa nadra.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la pesa. Dereva wa teksi anataka baridi leo, na mtungi wa gesi ni rahisi kuliko kondensa mpya. Haja yake ni ya haki, lakini hesabu yake haina budi kujumuisha gesi ya kila mara, pamoja na kompresa itakayokufa kwa kukosa mafuta na kusambaza vipande vya chuma mfumo mzima. Isitoshe, uchunguzi wa mwanzo ulioelezwa hapa hugharimu muda mfupi tu, na huenda ukaonyesha kwamba tatizo ni fyuzi. Dawa za kuziba matundu zinazotiwa ndani ya mfumo nazo si njia ya mkato, kwa kuwa zaweza kuziba vali na kuharibu mashine ya fundi.

Matengenezo yaliyokamilika

Mfumo uliofunguliwa katika hewa ya Mombasa huingiza unyevu, na unyevu huzaa asidi na barafu kwenye vali. Kwa hiyo, baada ya tundu kuzibwa, draya, yaani kifaa kinachonyonya unyevu, hubadilishwa, pampu hunyonya hewa yote, kisha mfumo huachwa kwa muda ili kuona kama unashika. Gesi hujazwa kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Kibandiko hicho lazima kisomwe, kwa kuwa kiwango cha Kenya cha KS 1515 huruhusu kuingiza magari yasiyozidi miaka minane, na baadhi yanayoshuka bandarini sasa yana gesi ya R-1234yf, isiyochanganywa na R-134a. Magari yenye kompresa ya umeme nayo yana mafuta yake maalumu. Kuna sababu inayomhusu hata asiye na gari: Marekebisho ya Kigali ya 2016 kwa Mkataba wa Montreal yanaihesabu R-134a kuwa na nguvu ya kuongeza joto la dunia mara 1,430 ya hewa ya ukaa, na gesi inayojazwa juu ya tundu huishia angani yote. Mwenye gari ana haki ya kupewa majibu mawili kabla ya kulipa: gesi ilivujia wapi, na imejazwa gramu ngapi. Fundi anayeweza kuyajibu ametengeneza AC. Asiyeweza ameuza gesi tu.