Vyuo vya Harambee vya Kenya: Waliojenga na Waliorithi

NCHI JIRANI



Kenya ilipopata uhuru wake tarehe 12 Desemba 1963, nchi nzima ilikuwa na shule za sekondari 151, zenye wanafunzi wapatao 30,000. Katika miaka michache iliyofuata, wananchi waliitikia mwito wa Harambee uliotolewa na Mzee Jomo Kenyatta, wakajenga mamia ya shule nyingine kwa michango yao wenyewe. Hapana shaka hiyo ilikuwa kazi ya fahari. Lakini shule hizo zilizaa tatizo ambalo waliozijenga hawakulitazamia. Vijana walimaliza kidato cha nne kwa maelfu, wakashika njia ya Nairobi, Mombasa na Nakuru kutafuta kazi za mezani, ilhali viti walivyovikalia Wazungu na Waasia vilikwisha kupata wenyewe. Kijana asiye na kazi wala ufundi, akiwa mbali na jamaa zake, mwisho wake huishia mara nyingi katika daftari la kituo cha polisi.

Waliomaliza shule ya msingi walikuwa wengi zaidi, na hali yao ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa taarifa juu yao, likiuliza: baada ya shule, nini? Kutokana na taarifa hiyo vikazaliwa vyuo vidogo vya ufundi vya vijijini, yaani politekniki za vijiji: banda moja au mawili, fundi seremala, fundi mwashi, cherehani chache, na vijana wa kata ile ile. Wengine walichukuliwa na Huduma ya Taifa kwa Vijana, iliyoanzishwa mwaka 1964, mwaka mmoja baada ya Jeshi la Kujenga Taifa la Tanganyika. Lakini kwa kijana wa kidato cha nne aliyekosa nafasi ya kidato cha tano, milango ilikuwa michache mno. Palikuwa na Kenya Polytechnic mjini Nairobi. Mombasa palikuwa na chuo kilichoanza kufundisha mwaka 1951 kwa ajili ya vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki, kwa fedha za Sultani wa Unguja, Aga Khan, jumuiya ya Mabohora na Serikali ya kikoloni. Mwaka 1966 kilifanywa chuo cha ufundi cha watu wa dini zote. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki nacho kilivunjika mwaka 1970, Dar es Salaam, Makerere na Nairobi kila kimoja kikashika njia yake, na nafasi za Nairobi zilikuwa za wachache.

Ndipo, kuanzia mwaka 1971 hivi, ulipovuma upepo mpya. Karibu kila sehemu ya Kenya ilitangaza kwamba itajijengea chuo chake cha teknolojia. Watu wa Nyanza wakaanzisha kile cha Ramogi, kwa jina la babu wa Wajaluo. Watu wa Magharibi wakaanzisha chuo cha Kakamega kilichojulikana kwa kifupi kama WECO. Kiambu, Murang'a na Kirinyaga wakafuata, Ukambani wakachagua chuo cha kilimo, na Pwani wakatazama Voi.

Nyeri, mwaka 1972, walikiita chuo chao kwa jina la Kimathi. Jina hilo linahitaji kutazamwa. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956 katika wilaya hiyo hiyo, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Miaka kumi na mitano ilikuwa imepita tu. Wale waliotoa michango, baadhi yao walikuwa wamekaa msituni naye, na baadhi walikuwa wamevaa sare za upande ule uliomwinda. Watoto wa pande zote mbili walikuwa wafundishwe katika karakana moja. Serikali ya wakati ule haikuwa na haraka ya kumjengea Kimathi kumbukumbu kubwa. Wananchi wakaliandika jina lake juu ya mlango wa chuo.

Michango ilipatikanaje? Palipokuwa na ushirika wa kahawa, chai au maziwa, fedha iliweza kukusanywa kwa mkulima kabla haijafika mfukoni mwake. Pasipokuwa na ushirika, palifanyika mikutano. Mgeni wa heshima alifika na bahasha, wanasiasa wakashindana kutoa, na akina mama wakaleta kuku, mayai na mikungu ya ndizi vikanadiwa hapo hapo. Jogoo mmoja aliweza kununuliwa mara tano, kila mnunuzi akimrudisha mnadani. Hayo ni mambo ya furaha, na yeyote aliyepata kuhudhuria mkutano wa namna hiyo hasahau.

Ulikuwapo upande mwingine. Machifu waliopangiwa kiasi cha kukusanya hawakusubiri moyo wa hiari. Mwananchi aliyekwenda kutafuta kibali au barua aliulizwa kwanza stakabadhi ya Harambee, na asiyekuwa nayo alirudi alivyokwenda. Wengine walichukuliwa mbuzi au kuku. Askari aliyetumwa katika kazi ya namna hiyo aliwekwa mahali pabaya: sheria haikumpa amri ya kukamata kuku wa mjane kwa ajili ya jengo la chuo, na mjane hakutofautisha baina ya mchango na unyang'anyi.

Kasoro nyingine ilikuwa ya kisiasa. Chuo kilihesabiwa kuwa cha kabila au cha mkoa, na idadi ya vyuo iliongezeka kwa mashindano kuliko kwa hesabu. Vyama vya kikabila, kama GEMA ya Wakikuyu, Waembu na Wameru iliyoundwa mwaka 1971, na Umoja Mpya wa Wakamba, vilipata nguvu katika ukusanyaji huo, mpaka Serikali ya Rais Daniel arap Moi ilipotaka vivunjwe mwaka 1980. Sehemu zenye mazao ya biashara zilisonga mbele. Wafugaji wa kaskazini, ambao hawakuwa na kahawa wala mbunge tajiri, hawakupata kitu. Vyuo vingine vilikaa miaka kadhaa vikiwa msingi na nguzo tu, na wazazi waliotoa michango waliona watoto wao wakipita umri wa kuingia.

Pamoja na hayo yote, pale mlango ulipofunguliwa, faida ilionekana mara moja, na mashahidi wake ni wananchi wa mahali penyewe. Kijana aliweza kulala nyumbani, kula ugali wa mama yake, na kwenda chuoni kwa miguu au kwa baiskeli. Mzazi aliweza kulipa karo kidogo kidogo, baada ya malipo ya kahawa au baada ya kuuza ndama. Binti ambaye baba yake asingekubali kamwe aende Nairobi peke yake, aliruhusiwa kujifunza upigaji chapa, uhasibu au ushonaji katika chuo kilicho maili chache kutoka nyumbani. Wavulana walijifunza umeme, uashi, kuchomelea vyuma na ufundi wa magari. Mashine ya ushirika ya kumenya kahawa ilipoharibika, haikungoja fundi kutoka mjini. Kila askari aliyepata kuwa katika kikosi cha ufundi anajua kwamba gari bovu halisomi cheti cha mtu. Na vijana hao walipimwa kila siku kwa magari ya watu waliowajua.

Tanzania ilifuata njia nyingine. Kuanzia mwaka 1975 Serikali, kwa msaada wa Sweden, iliunda Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, zaidi ya hamsini, vikaenea hata katika wilaya maskini ambazo kwa michango ya kahawa zisingepata chuo milele. Jambo moja lazima likubaliwe: mwananchi aliyetoa mbuzi wake alikilinda chuo kuliko yule aliyekikuta kimejengwa.

Je, alikilinda mpaka lini? Hapo ndipo penye uchungu wa historia hii. Mwaka 2002 WECO kilifanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kamili chenye jina la Masinde Muliro, mwanasiasa wa Magharibi aliyefariki mwaka 1992. Chuo cha Kimathi kilipandishwa mwaka 2007, kikapata hati ya chuo kikuu Desemba 2012. Vyuo vya Nairobi na Mombasa vikawa vyuo vikuu vya ufundi mwaka 2013, na mwaka huo huo chuo cha Ukambani kikawa chuo kikuu pia. Murang'a na Kirinyaga vilifuata mwaka 2016. Kila mara palikuwa na ngoma na hotuba, na wenyeji walifurahi, kwani nani asiyependa mji wake uwe na chuo kikuu?

Lakini chuo kikuu huchagua wanafunzi kwa alama za mtihani, na huwapokea kutoka Kenya nzima. Baadhi ya vyuo hivyo viliendelea kutoa stashahada na vyeti, jambo la kusifiwa. Hata hivyo karakana haikuwa tena moyo wa chuo. Mjukuu wa mzee aliyetoa mbuzi mwaka 1972, kama alipata alama za chini, sasa alipita nje ya ukuta akiwatazama wageni wakiingia. Vyuo vikuu vikaongezeka, vingi vikazama katika madeni, huku wajenzi na wenye viwanda wakilalamika kwamba mafundi hawapatikani.

Ikabidi Serikali ianze upya. Sheria ya elimu ya ufundi ya mwaka 2013 ilipitishwa, na mpango ukawekwa wa kujenga chuo cha ufundi katika kila jimbo la uchaguzi, na majimbo hayo ni 290. Fedha za kodi zikatumika kujenga kitu kile kile ambacho wananchi walikuwa wamekwisha kukijenga kwa kuku na mayai miaka arobaini iliyotangulia. Safari hii Garissa na Turkana nazo zilikuwamo katika hesabu.

Politekniki za vijiji hakuna aliyetamani kuzipandisha cheo. Zilibaki chini ya mabati yao, zikibadilishwa jina mara kwa mara. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inazitaja kwa jina lake la zamani na kuzikabidhi kwa serikali za kaunti.