Mawe ya Redding: Kambi ya Vita Ambayo Adui Hakufika

Anayeingia Hifadhi ya Kumbukumbu ya Putnam, katika mji mdogo wa Redding, jimbo la Connecticut nchini Marekani, hupokewa kwanza na jenerali. Israel Putnam yuko juu ya farasi anayeteremka ngazi za mawe, akiwaponyoka Waingereza huko Horseneck tarehe 26 Februari 1779. Sanamu hiyo ni kazi ya Anna Hyatt Huntington, ambaye alikuwa ameshavuka umri wa miaka 90 iliposimikwa mwaka 1969. Wapo wanaopiga picha hapo langoni na kuondoka. Historia yenyewe imelala mbele kidogo, chini ya miti, nayo haivutii kamera: ni marundo ya mawe yaliyopangana mstari mrefu, mengi yakiwa mabaki ya meko na dohani za vibanda vya askari.

Kambi hii ilijengwa mwishoni mwa mwaka 1778, katika vita vya makoloni 13 kujitoa mikononi mwa Uingereza. Zama hizo majeshi hayakupigana sana wakati wa baridi kali. Barabara zilizama kwenye theluji na farasi walikosa majani, kwa hiyo pande zote mbili zilijichimbia na kungoja kipupwe kipite. Waingereza walikuwa wameushika mji wa New York. George Washington, amiri jeshi wa makoloni, akatawanya vikosi vyake nusu duara kuuzunguka, yeye mwenyewe akiweka makao Middlebrook, New Jersey, na Putnam akapewa ubavu wa mashariki.

Redding ilichaguliwa kwa sababu. Ilikuwa karibu na Danbury, palipokuwa na maghala ya jeshi, na Aprili 1777 Waingereza walikuwa wamepita njia hiyo hiyo kwenda kuyachoma. Kutoka hapo askari wangeweza kukimbilia ama pwani ya kusini ama bonde la mto Hudson, kokote ambako adui angejitokeza. Basi brigedi tatu zikafyeka msitu na kujenga vibanda vya magogo katika kambi tatu. Hifadhi ya leo inalinda moja tu kati ya hizo, iliyokuwa na vibanda 116.

Adui hakuja. Waliokuja ni njaa, baridi na mshahara usiofika. Noti zilizochapishwa na Kongresi, yaani bunge la makoloni, ziliporomoka thamani mwezi baada ya mwezi, hata askari aliyebahatika kulipwa hakuwa na cha maana cha kupeleka nyumbani kwa mke na watoto. Joseph Plumb Martin, kijana wa miaka 18 aliyekuwamo kambini, aliandika baadaye katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1830 jinsi walivyokaa na njaa hapo hadi uvumilivu ukawaishia.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wanasiasa wa Connecticut waliubeba mzigo wa askari wao kwa namna hiyo. Tarehe 30 Desemba 1778, askari wa jimbo hilo walishika silaha na kujipanga bila amri ya maofisa, wakikusudia kwenda kwa miguu hadi Hartford kulidai bunge haki yao. Putnam, mzee wa karibu miaka 61 aliyekuwa mkulima kabla ya kuwa jenerali, aliwaendea na kuwasihi wasitupe heshima waliyoichuma vitani. Wakarudi vibandani. Walirudi na imani, si na fedha. Wiki chache baadaye jeshi likaonyesha upande wake mwingine: Februari 1779, katika kilima kilicho karibu, mtu mmoja alinyongwa kwa ujasusi na askari mmoja akapigwa risasi kwa kutoroka jeshini.

Kuna jambo lingine ambalo mgeni wa kutoka Afrika hangependa kulipita. Mnamo Agosti 1778, miezi michache kabla ya kambi kujengwa, jeshi la Washington liliwahesabu askari wake weusi na kupata 755. Brigedi tatu zilizokuja Redding, yaani za majenerali Parsons, Huntington na Poor, zilikuwa na 148, 62 na 27 kwa mpangilio huo. Hao ni 237, karibu theluthi moja ya wote. Baadhi yao walikuwa watumwa walioingia jeshini kwa ahadi ya kuachiwa huru. Walichanganyika na wenzao weupe katika vikosi, wakala njaa ile ile na kupigania uhuru wa jimbo ambalo halikufuta utumwa kabisa hadi mwaka 1848.

Ardhi ya kambi ilianza kuwa hifadhi mwaka 1887, na mnara wa kumbukumbu ukafuata mwaka uliofuata. Mawe hayakuwa yameondolewa kwa ajili ya kilimo, na ndiyo maana mstari wa vibanda unasomeka hadi leo. Wenyeji hupaita Valley Forge ya Connecticut, wakipalinganisha na kambi maarufu ya Pennsylvania ambako jeshi hilo hilo liliteseka majira ya baridi yaliyotangulia. Sifa hiyo inastahili, ila inaficha kilichoitofautisha Redding: hapa askari waliuliza kwa sauti ni nani atakayewalipa.

Swali hilo halikuishia kambini. Mei 1780, huko Morristown, askari wa Connecticut waligoma tena kwa sababu ya njaa na mishahara, na Januari 1781 wale wa Pennsylvania wakaasi kwa wingi zaidi. Vita vilikwisha mwaka 1783, na wengi wakarudi makwao mikono mitupu. Sheria ya pensheni kwa askari wa kawaida wasio na majeraha ilipitishwa mwaka 1818, karibu miaka 40 baada ya maandamano ya Redding. Iliwapa dola 8 kwa mwezi, lakini kwa sharti kwamba mzee huyo athibitishe kwanza kuwa ni maskini. Martin alikuwa mmoja wa waliothibitisha.