Mguu Usiojua Kukaa Mkekani

Nilipokuwa mtoto Pangani, nyuma ya mlango wa chumba cha ami yangu palisimama mguu. Ulikuwa mguu wa bandia uliotengenezwa Ulaya, wenye rangi ya waridi iliyopauka, umevishwa kiatu cheusi kisichovuliwa. Ami alikatwa mguu chini kidogo ya goti baada ya ajali ya lori. Aliuvaa mguu ule siku za kwenda ofisi za serikali. Siku nyingine zote alitembelea magongo. Tulipomuuliza sababu alijibu kwa mkato: "Mguu huu haujui kukaa mkekani." Nilidhani ni mzaha wa mtu mzima anayetaka kuwanyamazisha watoto. Miaka mingi baadaye, nikisoma historia ya tiba ughaibuni, ndipo nilipotambua kuwa kauli ile ilikuwa uhakiki wa karne kadhaa za ufundi.

Historia ya mguu wa bandia huanza pale msumeno unapopita. Mtu aweza kukatwa vidole au sehemu ya wayo; aweza kukatwa kwenye kifundo, chini ya goti, kwenye goti lenyewe, juu ya goti, au hata kwenye nyonga. Mkono nao hukatwa kuanzia vidole, kiganja na kiwiko hadi bega. Kanuni ya jumla ni nyepesi kuisema: kadiri kinachobaki kinavyokuwa kirefu na kizima, ndivyo kiungo bandia kinavyokuwa rahisi kukitawala. Goti hasa ni hazina. Aliyebakiwa na goti lake hutumia nguvu chache kutembea kuliko aliyelipoteza, kwa kuwa huyu wa pili analazimika kuitegemea bawaba isiyo na hisia.

Kwa karne nyingi, hata hivyo, uamuzi wa mahali pa kukata haukuongozwa na maisha ya baadaye ya mgonjwa. Uliongozwa na hofu ya damu na maumivu. Ambroise Paré, tabibu wa majeshi ya Ufaransa, alianza mwaka 1552 kuifunga kwa uzi mishipa ya damu ya waliokatwa viungo badala ya kuichoma kwa moto. Mwaka 1564 alichapisha michoro ya viungo bandia, ukiwamo mguu wa chuma wenye goti linalofungwa na kufunguliwa. Katika michoro yake umo pia mguu wa mti mtupu, nao ameuandikia kuwa ni wa maskini. Tangu mwanzo, basi, kiungo bandia kilibeba ndani yake dhana juu ya mvaaji: ana nini, na ataishi vipi.

Mwaka 1842 James Syme wa Edinburgh alikata mguu kwenye kifundo na kuihifadhi ngozi nene ya kisigino ili iwe mto chini ya kigutu. Aliyekatwa hivyo aliweza kukanyaga kwa kigutu chenyewe, akavuka chumba bila kuvaa chochote. Miaka minne baadaye Robert Liston alikata mguu jijini London kwa kutumia nusukaputi ya etha, na mwaka 1867 Joseph Lister alitangaza njia yake ya kuzuia usaha kwa dawa. Wepesi wa mkono, ambao zamani ndio uliokuwa sifa kuu ya mpasuaji, ukaipisha subira. Sasa aliweza kukiandaa kigutu kwa ajili ya kesho.

Lakini kesho ya nani? Mguu mashuhuri wa karne ya 19 nchini Uingereza ulikuwa kazi ya fundi James Potts. Ulikuwa wa mti, una goti la chuma, na kano za utumbo wa mnyama ziliunganisha goti na kifundo. Uliitwa mguu wa Anglesey kwa jina la cheo cha Henry Paget, jemadari aliyepoteza mguu Waterloo mwaka 1815. Vita Vikuu vya Kwanza viliwaachia Waingereza zaidi ya askari 41,000 waliokatwa viungo, na hospitali ya Roehampton, iliyofunguliwa mwaka 1915, ikawa kitovu cha ufundi huu. Miguu iliyozaliwa na historia hii ilikuwa na ustadi mkubwa, ila ilikuwa na makazi yake: kiti, kiatu, suruali, sakafu kavu. Iliundwa kulingana na kimo cha kisigino cha kiatu. Ukikivua kiatu, mwili hulalia nyuma.

Hukumu ya ami yangu ilikuwa imekwisha kutolewa Jaipur, India, katika miaka ya 1960. Daktari wa mifupa P. K. Sethi aliona wagonjwa aliowapa miguu ya mtindo wa Magharibi wakirudi kwenye magongo. Walikuwa wakulima walioingia shambani ndani ya maji, watu waliochutama kupika na kujisaidia, walioketi chini kula, waliovua viatu mlangoni mwa hekalu au msikiti. Fundi Ram Chandra Sharma, mchongaji asiye na elimu kubwa ya darasani, alishirikiana naye kuunda wayo wa mpira, mti na nyuzi za tairi. Ulipinda kifundoni, haukuogopa maji, ulikuwa na rangi ya ngozi ya wenyeji, na haukuhitaji kiatu. Ulianza kutumika mwaka 1968. Sethi alipewa Tuzo ya Ramon Magsaysay mwaka 1981. Fundi hakuvuma kiasi hicho, ingawa bila mikono yake wazo lisingesimama.

Tusiufanye wayo wa Jaipur hekaya. Wayo ni nusu ya kazi. Kikombe kinachokipokea kigutu kisipokaa sawa, ngozi huchubuka, na mguu wowote, wa bei yoyote, huishia nyuma ya mlango. Kwa hiyo naona jambo kubwa lililotokea kwetu ni kuanzishwa mwaka 1981 kwa chuo cha TATCOT mjini Moshi, kwenye viwanja vya hospitali ya KCMC, kinachowafunza mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika. Mguu ulioletwa kwa meli hauna wa kuurekebisha. Fundi aliye karibu huuliza, hupima, husugua, hupima tena.

Leo orodha ni ndefu: mikono inayotii umeme wa misuli, magoti yenye kompyuta, nyayo za kaboni za wanariadha. Wengi wa wasomaji wa jarida hili wanaishi mahali ambapo vitu hivi vipo, na wana wazee wao waliokatwa miguu kwa sababu ya kisukari. Katika kliniki mzee huulizwa uzito wake na umbali anaotembea. Huenda asiulizwe kama anasujudu, kama anakula chini na wajukuu, kama nyumbani kwake viatu havivuki kizingiti. Na kwa adabu zetu, mzee asipoulizwa hasemi. Nyayo zinazorekebishwa kimo cha kisigino zipo, lakini hapewi asiyejulikana kuwa anazihitaji. Anayemsindikiza ndiye aseme.

Ami yangu hakuwa na wa kumsemea. Alipofariki, wanawe waliutoa mguu ule nyuma ya mlango. Soli ya kiatu chake ilikuwa haijalika.