Ngome Kongwe ya Unguja na Neno Gereza

Mtoto wa Nkome, kijijini kando ya Ziwa Viktoria, hulijua neno gereza kabla hajaliona jengo lenyewe. Hulisikia watu wazima wakizungumza juu ya fulani aliyekamatwa na nyavu zilizokatazwa, au juu ya kijana aliyechukuliwa huko kwenye mashimo ya dhahabu. Kwake ni neno la kawaida kama shule au soko. Lakini wazee wa kale hawakulijua neno hilo, wala hawakukijua kitu chenyewe. Katika Usukuma wa zamani mkosaji alitozwa ng'ombe, au alitengwa na majirani wasishirikiane naye katika kazi wala katika sherehe. Na aliyekithiri alifukuzwa akatafute nchi nyingine. Kumfungia mtu mzima chumbani kwa miezi na miaka, shamba lake likiota magugu, hakukuwa adhabu iliyofikiriwa na watu wa huko.

Neno gereza lilitoka pwani. Lilikuja bara na watu wa misafara, kisha likaletwa kwa nguvu na serikali ya Wajerumani, ambayo ilikitumia Kiswahili katika utawala wake na kuwafunga watu minyororo ya shingo. Hivyo anayetaka kujua asili yake hana budi kuteremka mpaka pwani, avuke bahari, asimame Forodhani mjini Unguja mbele ya ukuta mrefu wenye meno juu yake. Hilo ndilo jengo tunalolizungumzia: Ngome Kongwe.

Wataalamu wengi wa lugha wanakubaliana kwamba gereza ni neno la Kireno, igreja, maana yake kanisa. Msomaji asicheke. Wareno walifika Unguja mapema sana. Mwaka 1503 nahodha wao, Ruy Lourenço Ravasco, aliziteka jahazi za watu wa kisiwa na kuwalazimisha kulipa kodi. Karibu karne moja baadaye, kati ya mwaka 1598 na 1612, walijenga kanisa dogo mahali hapo ilipo ngome leo. Ilikuwa desturi yao kuziweka sala na mizinga pamoja. Mtu wa pwani aliyetazama kutoka nje aliona ukuta, mlango unaolindwa na askari, na ndani yake nyumba ambayo wenyewe waliiita igreja. Akalichukua jina la nyumba akalipa boma zima. Huko Kilwa Kisiwani ngome ya Waomani, iliyojengwa juu ya mabaki ya ngome ya Wareno ya mwaka 1505, ingali inaitwa Gereza hadi leo, na si kwa sababu ya wafungwa. Kwanza neno lilikuwa na maana ya ngome. Maana ya kifungo ilikuja baadaye, pale ngome zilipogeuzwa kuwa mahali pa kufungia watu. Historia ya neno na historia ya jengo zimekwenda pamoja hatua kwa hatua.

Mwezi Desemba 1698 Waomani waliitwaa Fort Jesus ya Mombasa baada ya kuizingira kwa muda wa karibu miaka mitatu. Utawala wa Wareno ukaanguka katika pwani yote ya kaskazini ya Msumbiji. Unguja, washindi hawakupoteza wakati. Kati ya mwaka 1698 na 1701 walijenga ngome yao juu ya kiwanja kile kile cha kanisa, na baadhi ya kuta za zamani zikaachwa zikamezwa ndani ya jengo jipya.

Umbo lake si la kuajabiwa. Ni ua mpana wa pembe nne, uliozungukwa na kuta nene na ndefu, pamoja na minara ya mviringo pembeni. Haikujengwa ili ipendeze. Kinachostahili kutazamwa kwa makini ni jinsi ilivyojengwa, kwa maana hapo mikono ya wenyeji inaonekana waziwazi. Mawe yake ni ya matumbawe, yaliyochimbwa katika ardhi ya kisiwa chenyewe. Chokaa yake ilipatikana kwa kuyachoma mawe ya aina hiyo hiyo juu ya tanuri la magogo, kisha ikaachwa ikapoa na kulainika, ikachanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Ukuta wa namna hiyo hupumua: hunyonya maji ya masika na kuyatoa tena wakati wa kiangazi. Mafundi wa siku hizi wanaoziba nyufa za majengo ya kale kwa saruji wanadhani wanaimarisha, kumbe wanayafungia maji na chumvi ndani, na baada ya miaka michache plasta hubanduka pamoja na uso wa jiwe. Wajenzi wa karne ya 17 hawakuandika vitabu juu ya jambo hili, lakini kazi yao ingali imesimama.

Katika karne ya 18 ngome ilifanya kazi ya ngome. Ilikaliwa na askari, na ililinda mji dhidi ya Mazrui wa Mombasa waliotaka kuutwaa. Katika karne ya 19 mambo yalibadilika. Seyyid Said alihamishia makao yake Unguja, mji ukatajirika kwa karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa, na hatari kubwa kwa mtawala haikuwa tena merikebu ya adui bali watu wa mjini mwenyewe. Ngome ikawa kambi ya askari wa Kibulushi na papo hapo mahali pa kuwafungia watu. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Unguja mwishoni mwa mwaka 1856, aliitaja ngome hii kwa jina la Gereza katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1872. Inasimuliwa kwamba waliohukumiwa kufa waliuawa nje, chini ya ukuta wa mashariki.

Hapa ndipo mwandishi wa historia anapokwama, na ni vyema aseme hivyo. Majina ya masultani tunayo. Majina ya makonseli tunayo, na barua zao zimehifadhiwa kwa maelfu. Waliolala juu ya sakafu ya ngome hii wakiwa na pingu miguuni hawakuandikiwa barua. Mawe peke yake hayatuambii nani alikuwa mwizi, nani mdaiwa, nani mtumwa aliyemkimbia bwana wake.

Ulinzi wa Uingereza ulianza mwaka 1890, na wakoloni wakataka magereza ya mtindo wao. Mwaka 1893 Lloyd Mathews, waziri mkuu wa Sultani, alianza kujenga gereza katika kisiwa cha Changuu, mbele kidogo ya bandari. Jengo lilimalizika, lakini halikupata kutumika kwa kazi hiyo. Likageuzwa karantini ya wasafiri walioshukiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza. Wageni wanaotembelea kisiwa hicho leo wanakiita Kisiwa cha Gereza, ilhali hapana mfungwa aliyefungwa katika jengo lile. Ngome iliyowafunga watu kwelikweli inaitwa Ngome Kongwe tu, jina lisilomsumbua mtu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Wamarekani walijenga reli kutoka mjini hadi Bububu, yapata maili saba, na treni ikapita katika vichochoro vyembamba ikiwafukuza watu mbele yake. Ngome ikawa bohari ya reli hiyo. Safari za treni zilikoma baada ya magari kuenea. Kisha mwaka 1949 jengo likatengenezwa upya, na ua wake ukawa klabu ya wanawake. Mimi huona badiliko hili kuwa la ajabu kuliko yote. Wanawake wa mjini walihitaji mahali pa kucheza na kuzungumza kwa stara, pasipoonekana na macho ya njiani, na mahali hapo palikuwa tayari. Ukuta uliowaficha wafungwa wasionekane na mji sasa uliwaficha wanawake kwa hiari yao. Jiwe moja halikuongezwa urefu.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ngome ilikaa miaka mingi bila kazi maalumu. Mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na katika miaka ya 1990 ukajengwa ndani ya ua ukumbi wa wazi wenye madaraja ya kukalia. Tamasha la filamu la nchi za jahazi lilianza mwaka 1998, na tamasha la muziki la Sauti za Busara mwaka 2004. Yote mawili yameufanya ua huu kuwa makao yao. Mwaka 2000 Mji Mkongwe wote uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Wako wanaonung'unika kwamba ngoma na taa zimeiharibu heshima ya jengo. Sikubaliani nao. Jirani wa ngome ni Beit al-Ajaib, jumba la fahari lililojengwa mwaka 1883. Sehemu yake ilipobomoka mwaka 2012 lilifungwa, na tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, upande mzima ukaporomoka na watu wakapoteza maisha. Ngome ina umri unaozidi mara mbili ya ule wa jumba hilo. Imesalia kwa sababu mara nyingi ilikuwa na mpangaji, na kila mpangaji aliziba paa lake kwa ajili ya kazi yake mwenyewe.

Lakini kila mpangaji pia alifuta alama za aliyemtangulia. Waomani walilimeza kanisa. Watu wa reli walivisafisha vyumba. Watengenezaji wa 1949 walipaka chokaa mpya. Mtu anaweza kukaa usiku kucha katika madaraja yale akisikiliza taarab, asijue kwamba ameketi ndani ya lile lile gereza ambalo kule Nkome huwatisha watoto kwa jina tu. Ukuta wa mashariki upo, na ni mwendo wa hatua chache kutoka mlangoni. Hapo ndipo pa kuanzia, kwa kibao kimoja cha Kiswahili kinachosema kilichotendeka mahali hapo.