Njia ya vita kutoka Voi hadi Taveta

Mgeni akishuka Voi, haraka yake ni Tsavo, akawaone ndovu wekundu. Ni wachache wanaofika kwenye makaburi ya vita ya mji huo, alikozikwa Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Australia, aliyeuawa karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915. Alikuwa amejeruhiwa mguu, akaagiza aachwe pamoja na majeruhi wengine kwa matumaini ya kuwaokoa. Alipewa nishani ya Victoria Cross akiwa tayari kaburini.

Vita hivyo, Vita vya Kwanza vya Dunia, vilianzia mpakani. Agosti 1914 Wajerumani walivuka kutoka upande wa Moshi, wakaiteka Taveta. Walichokilenga ni reli ya Mombasa kwenda Nairobi, inayopita Voi. Vikosi vyao vidogo vilipenya nyika na baruti, vikalipua njia na treni. Waingereza nao wakaanza kujenga reli kutoka Voi kuelekea magharibi, kupitia Mwatate, Bura na Maktau, ili jeshi lipate chakula na maji katika nchi ile kavu.

Kabla ya kufika Taveta utauona mlima wa Salaita. Ni mdogo, lakini usiupite. Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini, wageni kabisa katika nchi hii, waliamriwa kuuteka. Mizinga ikapiga kilele, kumbe mahandaki ya Wajerumani na askari wao Waafrika yalikuwa chini, miguuni pa mlima. Waafrika Kusini wakarudi nyuma kwa vurugu, wakapoteza watu zaidi ya 130, waliokufa na waliojeruhiwa. Waliowakinga ni Wabaluchi wa jeshi la India, watu ambao Waafrika Kusini hao walikuwa wakiwadharau. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts, kamanda wa majeshi ya Uingereza, aliirudisha Taveta, kisha yakafuata mapigano makali ya usiku kwenye vilima vya Latema na Reata.

Hayo yameandikwa vitabuni. Ya mlima wa Kasigau hayasemwi sana, nami nayaona mazito kuliko ya Salaita. Mwaka 1915 Waingereza waliwashuku wenyeji wa mlima huo kwamba waliwaongoza Wajerumani. Wakawahamisha kwa nguvu, wazee, wanawake na watoto, wakawapeleka Malindi. Wengi walikufa huko kwa njaa na maradhi. Waliosalia walirudi kwao baada ya miaka mingi.

Wapagazi nao walibeba risasi, unga na majeruhi hadi ndani ya Tanganyika, wakafa kwa maelfu, zaidi kwa magonjwa kuliko kwa risasi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri na kuomba radhi kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Kwa hiyo msafiri, ukimaliza Salaita na makaburi ya Taveta, nenda Kasigau pia. Fika kijiji cha Rukanga au Bungule, uombe kusimuliwa. Na kaunti ya Taita Taveta ikusanye majina ya waliohamishwa sasa, wajukuu wao wangali hai, iyachonge kwenye jiwe chini ya mlima huo.