Ukijua unaota, usishtuke: jinsi ya kubaki ndani ya ndoto

Unaota unakimbizwa na ng'ombe mkali. Ghafla unajiambia, "Kumbe hii ni ndoto tu!" Unafurahi, moyo unadunda, na papo hapo unaamka. Wengi wanaojua kwamba wanaota huipoteza ndoto namna hiyo.

Ndoto hizi ni nini?

Ni ndoto ambamo mtu anajua anaota huku bado amelala. Si uchawi wala ugonjwa. Mwaka 1975, mtafiti Keith Hearne wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, alimpima Alan Worsley akiwa usingizini. Worsley akiwa ndotoni alichezesha macho kushoto na kulia, kama walivyopatana kabla ya kulala, na mashine zikaonyesha kwamba alikuwa bado amelala. Walitumia macho kwa sababu mtu anapoota, misuli mingi ya mwili hulegea, lakini macho huendelea kucheza.

Kwa nini ndoto hukatika?

Usingizi wa ndoto huja kwa vipindi, takriban kila dakika 90, na vipindi virefu zaidi huja karibu na alfajiri. Wakati huo ubongo unafanya kazi sana, hivyo furaha kubwa au hofu inaweza kukuamsha.

Ufanye nini?

- Usishangilie. Pumua polepole.
- Jikumbushe mara kwa mara: "Ninaota."
- Sugua viganja vyako humo ndotoni, au gusa ukuta, mti au udongo. Stephen LaBerge, mtafiti wa Marekani, alipendekeza kusugua mikono ndoto inapoanza kufifia.
- Usilazimishe mambo makubwa haraka. Anza kwa kutembea na kutazama.

Ina faida gani?

Kwa anayesumbuliwa na ndoto mbaya ileile kila mara, utulivu huu unaweza kusaidia. Akijua ni ndoto, anaweza kusimama, akamgeukia anayemkimbiza na kumuuliza anataka nini. Mara nyingi hofu hupungua.

Na ukikabwa na jinamizi?

Wakati mwingine mtu huamka akashindwa kusogea wala kusema. Akili imeamka, lakini misuli bado imelegea kama ilivyokuwa ndotoni. Hali hii inatisha, lakini hupita baada ya sekunde au dakika chache. Hapa pia tulia, pumua, kisha jaribu kusogeza kidole kimoja.

Tahadhari

Usijinyime usingizi kwa kutafuta ndoto. Mwenye ugonjwa wa akili unaomfanya ashindwe kutofautisha mambo halisi na yasiyo halisi asijaribu mazoezi haya bila kumuona daktari. Na kama ndoto mbaya zimeanza baada ya ajali, msiba au ukatili, usikae kimya. Zungumza na mhudumu wa afya katika zahanati iliyo karibu nawe.