Lori la jeshi M35: Injini mpya inapandisha mlima, lakini nani atalishusha?

Lori la M35 la jeshi la Marekani lilianza kutengenezwa mwaka 1950, na mpaka leo yapo yanayotembea mikononi mwa raia. Jeshi lilipoyaachia yaliuzwa kwa mnada, yakachukuliwa na wakulima, vikosi vya zimamoto vya vijijini na watu wanaopenda tu magari ya kale.

Wamarekani huliita "deuce and a half", yaani mbili na nusu, kwa sababu liliundwa kubeba tani mbili na nusu nje ya barabara ya lami. Lina matairi 10, ekseli zote tatu zinavuta, na fremu yake ni ngumu kweli kweli. Kinachochosha watu ni injini. Ndiyo maana swali la kwanza la mwenye M35 huwa ni lile lile: nitoe hii, niweke gani?

Tatizo la injini ya zamani

M35 za mwanzo zilitumia petroli. Baadaye jeshi likataka injini isiyochagua mafuta, maana vitani huwezi kujua utakuta nini kwenye tenki. Toleo maarufu zaidi, M35A2, likapewa injini ya LDT-465: silinda sita, lita 7.8, turbo, nguvu za farasi takriban 130.

Injini hiyo inakunywa dizeli, mafuta ya ndege, mafuta ya taa, na hata petroli mambo yakibana. Siri yake ni utaalamu wa kampuni ya MAN ya Ujerumani: mafuta hayarushwi katikati ya hewa, yanapakwa kwenye ukuta wa bakuli lililochongwa juu ya pistoni, kisha yanageuka mvuke na kuwaka kidogo kidogo. Pampu nayo ina kifaa kinachopima wepesi wa mafuta na kuongeza kiasi pale mafuta yanapokuwa mepesi, ili nguvu isishuke.

Kwa jeshi lilikuwa wazo zuri sana. Kwa raia anayejaza dizeli siku zote, ni ufundi mwingi asiouhitaji. Vipuri vinazidi kuadimika. Gasketi za silinda hedi zinasumbua. Na ukishuka mlima kwa gia ndogo mpaka injini ikapitisha mizunguko yake, konrodi inaweza kukatika na kutokea ubavuni mwa bloku. Hapo hakuna cha kutengeneza.

Halafu kuna uzito. Lori tupu lina karibu tani sita. Farasi 130 kwa tani sita, ongeza mzigo, ongeza mlima: unapanga foleni ya magari nyuma yako. Hata turbo yake iliwekwa zaidi kupunguza moshi mweusi kuliko kuongeza nguvu. Filimbi yake ni tamu, wapo wanaokataa kubadili injini kwa sababu ya mlio huo tu, lakini mlio hauvuti mzigo.

Jeshi lenyewe lilibadilisha

Miaka ya 1990 jeshi la Marekani liliyarudisha baadhi ya malori haya kiwandani na kuyafanya M35A3. Injini ya mafuta mengi ilitolewa, ikaingia Caterpillar 3116, dizeli ya lita 6.6 yenye turbo, pamoja na giaboksi ya otomatiki.

Nguvu iliyowekwa ilikuwa farasi 170. Injini ya 3116 ina matoleo yenye nguvu kubwa kuliko hapo, lakini lori hili halikupewa. Namba hiyo inafaa kukumbukwa na kila anayeota farasi 300 kwenye M35.

Kwa nini wengi wanakimbilia Cummins

Raia wengi huchagua Cummins 6BT, silinda sita za mstari, lita 5.9. Ni injini iliyofungwa kwenye malori, mabasi, mashine za shamba na mitambo ya ujenzi, hivyo vipuri vyake si shida. Pikapu za Dodge zilianza kuitumia mwaka 1989 ikiwa na farasi 160. Ina uzito wa nusu tani hivi, nyepesi kuliko ile inayotoka, na kwa kuwa zote mbili ni za mstari inakaa chini ya boneti bila kukata fremu.

Wapo wanaokwenda mbele zaidi na kufunga Cummins ya lita 8.3, ambayo jeshi liliitumia kwenye lori kubwa la M939A2 ikiwa na farasi 240. Inawezekana, lakini hapo shughuli inakuwa kubwa zaidi.

Ukinunua 6BT, uliza imetoka kwenye gari gani. Ile ya pikapu ya Dodge ina pampu ya vakyumu pale ambapo ile ya lori ina kompresa ya hewa. M35 inahitaji hewa kusaidia breki. Ukileta injini isiyo na kompresa umeanza deni jipya kabla hujafungua bolti ya kwanza.

Umeme nao ni wa volti 24, betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfululizo. Stata, alteneta na ile koili ndogo ya kuzima mafuta kwenye pampu lazima ziwe za volti 24. Koili ya volti 12 ikipewa 24 inaungua, na injini haitawaka.

Jambo jingine ni kipini. Ndani ya kasha la gia za mbele za 6BT za zamani kuna kipini kidogo cha chuma ambacho huweza kulegea kwa mtetemo na kudondokea kwenye gia. Kikidondoka vibaya kinavunja kasha lote. Kukizuia ni kazi ndogo injini ikiwa bado iko chini. Ikishaingia kwenye lori ni kazi ya kufungua rejeta na kila kilicho mbele.

Upande wa giaboksi, mafundi wengi huiacha ile ile ya gia tano, na kuhakikisha inarudi palepale ilipokuwa ili propela fupi inayokwenda kwenye transfa isibadilishwe urefu. Kazi ngumu iko kati ya injini na giaboksi: sahani ya chuma ya kuunganishia, flaiwili, diski ya klachi yenye meno yanayolingana na shafti. Kikikaa upande kwa unywele tu, beringi ya shafti inakufa mapema.

Kasi haiongezeki kama unavyodhani

Difu za M35 zina uwiano wa 6.72, yaani propela inazunguka karibu mara saba ili tairi lizunguke mara moja. Kwa injini ya zamani, iliyofungwa mwisho wa mizunguko 2,600 kwa dakika, lori lilifika kilomita 90 kwa saa. Cummins 6BT nyingi zinafungwa karibu na mizunguko 2,500. Piga hesabu mwenyewe: mwendo wa juu unabaki pale pale, au unashuka kidogo.

Kinachobadilika ni mlima. Pale ulipokuwa unarudi gia ya tatu, sasa unabaki ya nne. Hiyo ndiyo faida halisi, na kwa anayebeba mizigo inatosha.

Tatizo ni kwamba wengi hawatosheki. Pampu ya P7100, iliyokuja kwenye 6BT za Dodge kuanzia 1994, ni rahisi kuongeza mafuta kwa kubadili kibamba kimoja. Nguvu inakuja kweli, na moto unakuja nao. Bila geji ya joto la egzosi unaendesha kwa kubahatisha. Wengi huweka mpaka kwenye nyuzi 700 hivi za Selsiasi, kwa sababu pistoni za aluminiamu zikikaa juu ya hapo kwa muda zinaanza kuyeyuka. Na kabla ya pistoni, klachi huwa imeshalalamika.

Kushuka ndiko kwenye hatari

Injini ya dizeli inasaidia kushika gari kwenye mteremko, na kwa sehemu kubwa msaada huo unategemea ujazo wake. Umetoa lita 7.8, umeweka 5.9. Lori linapanda vizuri kuliko zamani, likiwa na mzigo mkubwa kuliko zamani, kisha upande wa pili wa mlima injini inashika kidogo kuliko zamani. Dawa ipo: breki ya egzosi, ambayo kwa 6BT inapatikana kwa urahisi. Lakini ni watu wachache wanaoiweka kwenye bajeti tangu mwanzo.

Breki za magurudumu ndizo zinazotisha zaidi. Kwenye M35A2 ni za mafuta zinazosukumwa na hewa, na njia ya mafuta ni moja kwa magurudumu yote. Paipu moja ikipasuka, au silinda moja ya gurudumu ikivuja, pedali inakwenda mpaka sakafuni na hakuna gurudumu hata moja linaloshika. Kinachobaki ni breki ya mkono, drumu moja iliyoko nyuma ya transfa, iliyowekwa kwa ajili ya kushikilia lori lililosimama.

Jeshi nalo lilijifunza kwa gharama na malori yake ya M939, ndugu mkubwa wa M35. Mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya ajali za kuteleza na kupinduka, yaliwekewa ukomo wa maili 40 kwa saa, sawa na kilomita 64, huku yakifungwa breki za kuzuia magurudumu kujifunga. Injini zake hazikuwa na tatizo lolote.

Kwa M35A2, marekebisho yanayofanywa na wamiliki makini ni masta silinda ya njia mbili: ekseli ya mbele peke yake, za nyuma peke yake. Upande mmoja ukivuja, mwingine unashika. Bei yake ni ndogo mno mbele ya bei ya injini, lakini iko chini ya sakafu ya dereva, kwenye fremu, mahali ambapo mtu hafiki mpaka alale chini kwenye tope. Anayebadili injini hata hivyo atakuwa amelala hapo siku kadhaa akifungua mauntingi za giaboksi. Paipu za mpira zinazokwenda kwenye ekseli nazo zitakuwa mbele ya macho yake, na nyingi ni za umri wa lori lenyewe.